Cheti Kilichofukia Mashimo

Kabla sijaajiriwa kusema uongo nilikuwa mwalimu wa biolojia kwenye shule moja ya sekondari hapa Baraka, mji wa Kongo kando ya Ziwa Tanganyika. Nalisema hili mapema ili msomaji asinihesabu miongoni mwa watu wema wa habari hii. Yuko mmoja tu ninayemheshimu tangu mwanzo mpaka mwisho, naye hakuvuka darasa la nne. Sisi tuliosoma, yaani mimi, patroni mwenye kiwanda, eksperti na mkaguzi, tulishirikiana kuiharibu kazi yake nzuri, kisha tukapewa cheti kwa ajili hiyo.

Kiwanda kilichoniajiri kiko nje kidogo ya mji, kwenye barabara ya kwenda Mboko. Kinakamua mawese na kupika sabuni. Asubuhi ngazi, yaani mikungu ya chikichi, zinafika kwa baiskeli na kwa lori moja lisilo na milango, zinachemshwa kwenye mapipa, zinatwangwa, zinakamuliwa. Mafuta yanakwenda upande wa sabuni. Upande wa pili unabaki uji mweusi, mzito, unaonuka kama kitu kilichosahauliwa chunguni. Sisi tuliuita tope. Tope ni jingi kuliko mafuta, na mtu ambaye hajasimama karibu na mashine ya kukamulia hawezi kudhani ni jingi kiasi gani. Likiachiwa liingie kijitoni linamaliza hewa iliyomo majini na samaki wanakufa. Nilikuwa nimelifundisha somo hilo darasani miaka yote, kwa chaki, nikichora samaki aliyeachama.

Chini ya kiwanda kinapita kijito kinachoshuka mpaka ziwani. Akina mama wa mtaa wa chini wanaloweka mihogo humo, kwenye vidimbwi walivyozungushia mawe. Kila kidimbwi kina mwenyewe, na kila mwenyewe anajua mihogo yake imelala siku ngapi. Unga wa Baraka unaanzia hapo, kwenye mikono ya wale wanawake waliopinda migongo, wala si sokoni.

Mwanamke ninayemheshimu alikuwa msimamizi wa mapipa ya kuchemshia. Alizaliwa Swima, kwenye familia ya wavuvi, akaolewa huku, akafiwa na mume, akaingia kiwandani. Alikuwa mfupi, mikono yake ina makovu ya mvuke mpaka kwenye viwiko, na alikuwa na tabia ya kumwangalia mtu mdomoni anaposema, kana kwamba anahesabu meno. Miaka michache kabla sijafika aliwashawishi vijana wa mapipa wachimbe mashimo matatu nyuma ya banda. Hakuna aliyemtuma. Tope linaingia shimo la kwanza, linatulia, mafuta yaliyobaki yanaelea juu, wanayaengua kwa vibuyu na kupika nayo sabuni nyeusi ya kufulia. Linalobaki linapita kwenye mfereji wa gogo la mgomba mpaka shimo la pili, linatulia tena. Shimo la tatu alilizungushia magimbi, na majani yake yalikuwa makubwa kama miavuli. Tope likikauka, watu wa mashamba wanakuja kulibeba kwa magunia. Maji yaliyofika kijitoni, kama yalifika, yalikuwa yameshapita kwenye udongo na mizizi. Nilipomwuliza alijifunza wapi, alinijibu kwamba kwao Swima mtu hamwagi maji ya kuoshea samaki mahali atakapochota ya kunywa, na kwamba hilo halihitaji shule.

Patroni alikuwa mtu mpole. Namwogopa mtu mpole mwenye mali kuliko mkali, kwa sababu mkali unajua ameanza saa ngapi. Sehemu kubwa ya sabuni yake ilinunuliwa na shirika moja lililokuwa linaigawa kwenye kambi za wakimbizi. Siku moja shirika likamwandikia kwamba kuanzia mwaka utakaofuata litanunua tu kwa wafanyabiashara wenye cheti cha usimamizi wa mazingira, kile cha kimataifa chenye namba ndefu. Cheti kilidai kiwanda kiwe na mtu wa kubeba jukumu hilo. Patroni akaulizia mwalimu wa sayansi asiye na maneno mengi, wakamwonyesha mimi. Nikapewa biro, yaani ofisi, yenye meza na kiti kinachozunguka, na cheo cha Kifaransa kirefu kiasi kwamba hakikuenea kwenye kadi ya kifuani. Wafanyakazi waliendelea kuniita Mwalimu.

Nilifurahi, siwezi kukataa. Nilidhani nimeitwa kulinda maji.

Kisha akaja eksperti, mtaalamu wa vyeti, kutoka Kinshasa. Alishuka kwenye gari na sanduku la magurudumu, akaliburuza kwenye changarawe kwa dakika nzima badala ya kulinyanyua. Alileta ndani ya kompyuta yake mfumo mzima wa usimamizi wa mazingira, tayari, kurasa mia tatu na zaidi. Kazi yetu ilikuwa kutoa jina la kiwanda kimoja cha rangi cha ng'ambo na kuweka letu. Kwenye sura ya dharura nikakuta utaratibu wa kufuata theluji inapofunga barabara. Nikaufuta. Kesho yake nikaukuta umerudi. Aliniambia kwa Kifaransa chake kizuri kwamba nikifuta kifungu kimoja namba zote zinazofuata zinavurugika, na mkaguzi hasomi, anafuata namba. Kwa hiyo kiwanda cha mawese kando ya Tanganyika kina mpaka leo mtu aliyeteuliwa kuongoza uondoaji wa theluji. Mtu huyo ni mimi, au yeyote aliyerithi kiti changu.

Kulikuwa na jedwali la wahusika, yaani watu wote ambao shughuli za kiwanda zinawagusa. Niliandika akina mama wa vidimbwi, wavuvi wa pale kijito kinapoingia ziwani, na ile familia ya wafugaji iliyohamia kutoka Bibokoboko wakati wa vurugu, ambayo ng'ombe wake wachache hunywea chini ya daraja. Eksperti akalisoma, akatabasamu, akawaondoa wote. Mahali pao akaandika benki, bima, wateja na serikali. Alinieleza kwamba mhusika ni yule anayeweza kukuandikia barua.

Kutoka biro yangu mpaka kwenye mashimo si mbali. Unazunguka banda, unapita rundo la makapi ya ngazi, umefika. Eksperti alikaa kwetu majuma mawili na hakuitembea njia hiyo hata mara moja, kwa sababu ya viatu. Aliuchora mchoro wa kiwanda akiwa ameketi. Kwenye mchoro, mahali penye tangi la saruji lililojengwa zamani kwa maji ya mvua, aliandika maneno ya Kifaransa yanayomaanisha kituo cha kusafishia maji machafu. Nikamwambia tangi lile halijaungwa na bomba lolote na halisafishi kitu. Akasema bomba litafuata. Nikamwuliza kuhusu mashimo matatu. Akasema tuyaache, yatatuletea maswali.

Siku chache baadaye fundi alikuja akaandika maneno yale kwa rangi ya buluu ubavuni mwa tangi. Ndilo badiliko pekee la mazingira lililofanyika kiwandani kwa majuma yale mawili.

Mkaguzi wa cheti alifika baada ya miezi mitatu, akakaa siku mbili. Alivaa kofia ngumu nyeupe hata alipokuwa anakunywa chai. Siku ya kwanza yote na nusu ya pili alikaa kwenye biro, ananiitisha karatasi, nampa, anatia alama. Alikuwa na kidole kimoja alichokilamba kila alipofunua ukurasa. Alitaka kuona kwamba sera ya mazingira imetiwa sahihi. Ilikuwa imetiwa. Alitaka kuona kwamba wafanyakazi wamefundishwa. Nilimpa orodha ya majina na alama za vidole. Tulikuwa tumewakusanya siku moja jua kali, nikawasomea sera kwa Kifaransa, wakapewa soda, wakaweka vidole.

Alasiri ya siku ya pili akasema tuzunguke. Patroni alitangulia, akamsimamisha mbele ya tangi. Mkaguzi akalisoma lile jina la buluu, akalipiga picha, akaniomba utaratibu wa uendeshaji wa kituo. Nilikuwa nao mkononi. Nilikuwa nimeuandika mwenyewe, kurasa sita, kuhusu tangi lisilo na bomba. Akautazama, akatia alama. Nilisimama hatua mbili kutoka kwenye saruji ile kavu, iliyokuwa na mjusi juu yake, na sikusema neno. Dakika ile naikumbuka kuliko harusi yangu.

Tulikuwa tunarudi ndipo aliponusa tope, akakunja kona mwenyewe. Wanawake wawili walikuwa wanaengua mafuta. Magimbi yalikuwa yamestawi. Mkaguzi akauliza hapa ni nini na utaratibu wake una namba gani. Nikasema hauna namba. Akauliza kama udongo umepimwa. Nikasema hapana. Akauliza nani aliidhinisha, nikatafsiri swali, na msimamizi wa mapipa akajitokeza akijifuta mikono kwenye kitenge.

"Ni mi njo nilibaambia bachimbe," akasema.

Mkaguzi hakumwangalia. Aliandika, na baadaye kwenye biro akatusomea: umwagaji holela wa taka kwenye udongo, usio na idhini wala kumbukumbu, kosa kubwa. Tukilirekebisha kwa muda aliotupa, cheti kitatoka. Kuhusu kituo cha kusafishia maji alitupongeza.

Fomu ya marekebisho niliijaza mimi. Ilikuwa na kisanduku cha chanzo cha kosa, nikaandika: uelewa mdogo wa mfanyakazi. Kwenye kisanduku cha hatua nikaandika: kufukia mashimo, kumpa mfanyakazi mafunzo. Halafu sahihi yangu, ile ile niliyokuwa naitia kwenye madaftari ya mitihani. Nilikuwa naweza kuandika jambo jingine. Ningeweza kuandika utaratibu wa kurasa mbili, kuyapa mashimo namba, kuyaingiza kwenye mchoro, na kosa lingekwisha siku hiyohiyo. Sikulifikiria, au nililifikiria nikaona uvivu kumbishia patroni, aliyekuwa amekwisha agiza machepeo ya kufukia udongo.

Walifukia kwa siku moja na nusu. Magimbi yalizikwa pamoja na mizizi yake. Mama yule alisimama kando mpaka shimo la tatu lilipojaa, kisha akanijia.

"Mwalimu, sasa ile tope itaenda wapi?"

Nikamjibu kwamba litakwenda kwenye kituo. Akauliza kama nina maana ya lile tangi. Nikasema ndiyo. Akanitazama mdomoni kama kawaida yake.

"We unajua," akasema.

Akafungua kitenge cha kazi, akakikunja, akakiweka juu ya pipa, akaenda zake. Hakurudi kazini kesho yake, wala keshokutwa. Mafunzo niliyomwandikia hakuyapata. Kwenye orodha ya mafunzo niliweka jina lake hivyohivyo.

Cheti kilikuja kwa ndege na kwa barabara, ndani ya bahasha ngumu. Patroni alikitia kwenye fremu ya dhahabu. Palichinjwa mbuzi, palikuwa na viti vya plastiki na maturubai, na kiongozi mmoja wa serikali alisema maneno kuhusu vizazi vijavyo huku akipunga nzi. Mimi nilisimama karibu na fremu, nimevaa kadi yangu, na watu wakanipa mkono.

Bomba lilikuwa limeungwa siku ya kufukia, kwa sababu sasa hapakuwa na mahali pengine pa kupeleka tope. Tangi likajaa siku ya nne. Siku ya tano likaanza kufurika kwa upande wa mteremko, mkondo mwembamba mweusi, na tope likajitafutia njia yake lenyewe mpaka kijitoni. Nilimpelekea patroni taarifa. Akaniuliza utaratibu wa kurasa sita unasema nini kuhusu kufurika. Nilikuwa nimesahau kukiandika kifungu hicho. Akaniambia basi nikiandike.

Maji yalibadilika polepole, kwanza rangi ya chai, kisha rangi ya makaa. Ng'ombe wa ile familia ya Bibokoboko waliteremshwa kunywa kama kila siku, wakainamisha pua, wakarudi nyuma. Walipigwa fimbo, wakakataa. Ng'ombe wale walifanya ukaguzi kwa pumzi moja, bila kofia, na hawakukosea. Baadaye visamaki vya chini ya daraja vilielea, halafu ikawa mihogo. Wanawake walipoitoa kwenye vidimbwi ilikuwa na ukungu wa mafuta, na ilipokauka ikawa ya kijivu. Unga wake ulikuwa mchungu, ugali wake ulinuka sabuni. Sokoni wanunuzi walianza kuuliza unga umetoka kijito gani, jambo ambalo halijawahi kuulizwa Baraka. Mama mmoja alirudi nyumbani na mfuko wake mzima, akaumwaga jaani, kuku wakaupita.

Akina mama wa vidimbwi walikuja asubuhi, baada ya king'ora cha kazi. Kama thelathini hivi, wengi wa kwetu, na wawili watatu wa ile familia ya wafugaji, kila mmoja na kikapu au beseni la mihogo iliyooza. Hawakuimba wala hawakurusha mawe. Walikaa chini mbele ya geti, wakaweka vikapu mbele yao kama watu waliokuja kuuza. Harufu iliingia mpaka kwenye biro ya patroni. Akaniita, akanikumbusha kwa upole kwamba tunao utaratibu wa malalamiko, sura ya saba, na kwamba sasa ndio wakati wa kuutumia.

Nikachukua daftari la malalamiko, daftari kubwa lenye kurasa zilizopigwa namba ili usichanwe hata mmoja, na furushi la fomu. Fomu zilikuwa za Kifaransa. Zilidai jina, anuani, aina ya athari, na ushahidi wa kimaabara kama upo. Nikasimama getini na fomu zangu. Nilikuwa nimewafundisha watoto wa nusu ya wanawake wale. Niliwaambia kwamba kila mwenye lalamiko ajaze, na asiyejua kuandika nitamsaidia, na majibu yatatoka kwa muda uliopangwa.

Hakuna aliyenyoosha mkono. Akainuka yule mama wa mapipa, ambaye sikuwa nimemwona tangu alipoacha kitenge chake. Alikuwa na kikapu kama wengine, kwa maana hata yeye alikuwa na kidimbwi.

"Soma kwanza ile karatasi iko kwa ukuta," akaniambia. "Soma mu Kiswahili, bote basikie."

Ilikuwa sera ya mazingira, imebandikwa ubaoni kando ya geti, kwa sababu kanuni inasema lazima umma uione. Nikaigeukia, nikaanza kutafsiri. Tunaahidi kuzuia uchafuzi. Tunaahidi kuheshimu maji na viumbe vilivyomo. Tunaahidi kusikiliza jamii inayotuzunguka. Tunaahidi kufanya vizuri zaidi kila mwaka. Nilikuwa nimezisoma sentensi hizo mara mia kwa Kifaransa na hazikuwahi kunisumbua. Kwa Kiswahili, mbele ya mihogo ile, kwenye ahadi ya pili nilipunguza mwendo. Bibi mmoja aliyekaa mbele akacheka, kicheko kifupi cha puani, kama mtu anayesikia mlevi akiomba binti wa watu. Wengine walinisubiri nimalize. Nikamaliza.

Mama wa mapipa akachukua muhogo kikapuni, akauweka juu ya daftari wazi mikononi mwangu. Ukateleza, ukaacha alama ya kijivu kwenye ukurasa.

"Andika vile unaona," akasema. "Hapana vile banakuambia."

Nilikaa chini pamoja nao nikaandika. Niliandika kurasa nne, kwa Kifaransa, ili asitokee mtu wa kusema hakuelewa. Niliandika tangi lilikuwa la nini, bomba liliungwa lini, tangi lilijaa siku ya ngapi. Niliandika mashimo matatu yalifanya kazi gani na yalifukiwa kwa sababu gani, na nani alitia sahihi. Jina langu nililiandika kwa ukamilifu, na jina la baba yangu. Kisha nikawasomea kwa Kiswahili. Walinisahihisha mahali pawili: kidimbwi cha kwanza kuharibika hakikuwa nilichotaja, na ng'ombe walikataa maji kabla samaki hawajafa, si baada. Nikasahihisha. Ndiyo kumbukumbu pekee ya kweli iliyowahi kuingia kwenye mfumo wetu wa kurasa mia tatu.

Patroni aliisoma peke yake, mlango umefungwa. Aliponiita hakukasirika. Aliuliza kama daftari jingine kama lile linaweza kupatikana Uvira. Nikamwambia linaweza, ila wanawake wamesikia kilichomo na watarudi na vikapu. Akafikiri. Akauliza wanataka nini. Nikamwambia wanataka mashimo. Akashangaa kwa dhati. Alikuwa amedhani watataka jambo kubwa. Tatizo lake lilikuwa moja tu, mkaguzi. Ndipo nilipomweleza kuhusu zile kurasa mbili, kwamba shimo lenye namba si kosa. Akaniangalia kama mtu aliyeuziwa dawa ya bei kubwa kisha akaambiwa ni majani ya mwarobaini. "Kwa nini hukuniambia mwanzo?" akauliza.

Utaratibu niliuandika asubuhi moja. Kwa Kifaransa mashimo yaliitwa mabwawa ya kutulizia. Kwenda kumwomba mama yule arudi kulichukua siku nyingi zaidi. Mara ya kwanza alikuwa shambani, mara ya pili alikuwapo lakini akaniambia ana kazi. Mara ya tatu alinikaribisha kiti, akanisikiliza, akakataa kuajiriwa. Alikubali kuja kuonyesha mahali pa kuchimba, kwa sharti kwamba mafuta ya kuengua na tope kavu viwe vya wanawake wa vidimbwi, na wao ndio watunze mashimo. Sharti la pili, hataweka kidole kwenye karatasi yoyote. Patroni alikubali la kwanza upesi. La pili lilimsumbua zaidi, kwa sababu kanuni zinadai sahihi. Nikamwambia nitatia mimi, nimeshazoea.

Kiangazi kile walichimba, wanawake kwa vijana, majuma mawili. Mashimo mapya yalikuwa manne. Mvua zilipoanza kijito kilikuwa bado kina rangi, na vidimbwi vya chini vilikaa bure msimu mzima. Familia nne nilizozijua zilinunua unga mwaka ule, wao waliokuwa wakiuza. Hakuna aliyewalipa. Sura ya saba ya mfumo wetu haina kifungu cha kulipa.

Mwaka uliofuata mkaguzi alirudi, kofia yake kichwani. Nilimfungulia daftari mwenyewe kwenye ukurasa ule wenye alama ya muhogo. Nilikuwa nimeungoja mwaka mzima. Alilamba kidole, akasoma zote nne, taratibu, na mimi nikawa nahesabu pumzi zake. Kisha akatia alama ya kukubali. Aliandika kwamba utaratibu wa malalamiko upo na unafanya kazi. Kurasa zile zilisema kituo alichokipongeza kilikuwa tangi kavu, zilisema tulimdanganya, na yeye alichoona ni kwamba zimejazwa vizuri.

Tukaenda kwenye mashimo. Akauliza namba ya utaratibu, nikamtajia. Akafurahi. Aliyaita mfano mwema wa teknolojia inayoendana na mazingira ya mahali, akataka picha na wanawake waliovaa kofia ngumu. Mama wa mapipa alipoziona kofia zinaletwa aliweka kibuyu chini akaondoka kwa miguu yake, bila haraka. Picha ikapigwa patroni ameshika chepeo la kuchimbia. Baadaye niliiona kwenye kijitabu cha rangi, chini yake imeandikwa kwamba mashimo ni ubunifu wa uongozi.

Nilibaki na mkaguzi peke yetu kidogo, patroni alipokwenda kupokea simu. Nikamwambia kwamba mashimo haya ndiyo yaleyale aliyoyaita umwagaji holela, mtu aliyeyachimba ni yuleyule, na kwamba kwa neno lake watu wamekosa chakula. Alinisikiliza kwa adabu.

"Mwaka jana hayakuwa na namba," akanijibu.

Hakuona haya, wala hakukasirika. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi ya kumtupia, nikayaona hayana mahali pa kumpiga. Mtu wa namna ile humtukani, kwa sababu hakuna mtu ndani. Nikamsindikiza mpaka kwenye gari, akasahau glavu zake, nikazitupa.

Niliacha kazi mwisho wa mwezi. Patroni alinipa barua ya sifa na akamweka mpwa wake kwenye kiti changu. Nilimkabidhi mafaili yote kwa mstari, akaniuliza lile la theluji ni la nini, nikamwambia asiliguse, linashikilia mengine. Shuleni walinirudishia madarasa yangu, chaki ni ileile na mshahara ni uleule.

Jumamosi moja nilikwenda kumwamkia yule mama kwenye mashimo. Nilikuwa nimepanga kuomba msamaha kwa maneno niliyoyafanyia mazoezi njiani. Alikuwa anasafisha mfereji kati ya shimo la pili na la tatu, ulioziba. Niliposema sentensi ya kwanza akanikatiza, akaniambia nishuke nimsaidie, gogo ni zito. Nilivua viatu nikashuka. Hakunirudisha kwenye mazungumzo yale, na mimi sikuyaanzisha tena. Tulifanya kazi mpaka saa sita, akaniambia inatosha, nikaenda kunawa.